Mlango Unaojifunga na Maranda Yasiyotulia

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa mifugo,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakusihi ufunge mlango wako, na haya yote yabaki moyoni mwako. Usichapishe hata nukta, isipokuwa pale nitakapokuomba. Bosi wangu husoma gazeti lako hadi matangazo ya vifo, na uandikalo kwake ni sheria.

Ni wewe uliyesifu mlango wa banda la kuku unaojifunga wenyewe jua likizama. Bosi akaununua, akaufunga kwenye banda lake nyuma ya ofisi, na mimi, karani wa mafaili, nikakabidhiwa kuutunza. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Kuku huparua. Maranda ya mbao ya sakafuni hujaa kwenye mfereji wa kizingiti, mlango ukishuka huishia njiani, na nguchiro hapigi hodi. Ameshakula tetea mmoja. Bosi akanikazia macho, akasema mashine haikosei. Kosa lolote hapa lina miguu miwili, na akiliwa kuku mwingine sina kazi. Sikuthubutu kumkumbusha kuku wana miguu mingapi.

2. Nilifagia mfereji. Kuku wakadhani nawatafutia wadudu, wakaja kunisaidia. Tulipomaliza, ulikuwa umejaa kuliko mwanzo.

3. Nikapigilia ubao kizingitini kuzuia maranda. Yakazuilika kweli. Lakini jogoo, tumwitaye Mwenyekiti, ameufanya kiti. Mlango hushuka, humgusa mgongo, hupanda tena kwa adabu. Sisi ofisini kuogopa wenye vyeo tumezoea, lakini hata mashine?

4. Kwa hiyo naomba uchapishe, bila kunitaja, kwamba wataalamu wameagiza kuku wote wavae soksi. Asiyeweza kuparua hawezi kumfukuzisha mtu kazi. Miguu nimeshaipima, isipokuwa ya Mwenyekiti, ambaye hakunipa nafasi.

5. Soksi zikishindikana, chapisha kwamba nguchiro hula majani tu. Bosi ataamini. Wasiwasi wangu ni kama nguchiro naye ni msomaji wako.

Naishia hapa. Nisalimie wachapaji, mfagizi wenu, na kila amwogopaye bosi wake.

Wako mnyenyekevu,
Karani wa mafaili

Nyongeza: Futa yote. Jioni hii niliingia bandani kuokota maranda kwa vidole, nikamwondoa Mwenyekiti ubaoni, nikampakata. Mlango ukashuka mpaka chini kwa mara ya kwanza, nami nimo ndani. Naandika haya kwa tochi ya simu. Kuku wote wamo, nguchiro yuko nje, na Bosi pia yuko nje. Sijawahi kuwa na amani hivi kazini. Soksi za nini? Mlango huu ulipungukiwa karani wa ndani tu.

Ukitaka kunijibu, usipige simu ofisini. Zunguka nyuma, pita tangi la maji, gonga bati taratibu. Kukipambazuka mlango utapanda wenyewe. Simama pembeni, nipe barua mkononi, na tafadhali sana, usipige teke maranda.