Mashine ya Kupumua ya Yaya Siméon

Jumapili, 27 Oktoba 2024

Kikao cha familia baada ya misa. Baba mdogo Lusenge ameamua. Jumamosi, siku ya kuombea marehemu wote, tutazika shina la mgomba lililovikwa nguo za yaya Siméon. Ndivyo wanavyofanya kwetu mwili ukikosekana. Mama akasema yeye hakuzaa mugomba. Akaingia jikoni. Ugali uliungua.

Yaya Siméon, kaka yangu, alikuwa mzamiaji kwenye mto Semuliki, kule mbele ya Mbau. Alishuka na bomba la hewa mdomoni, akitafuta dhahabu mchangani. Mwezi wa tatu bomba lilikatika. Hawakumpata.

Lakini nina mpango! Chini ya kitanda changu kuna recycleur yake, mashine inayosafisha pumzi yako na kukurudishia uivute tena. Aliinunua kwa Salomon wa Butembo, ikiwa imetoka Dubai pamoja na majenereta mabovu. Haikufika mtoni. Ilikosa vipande. Jioni aliuma tu mdomo wake wa mpira na kuruka uani kama chura, atuchekeshe.

Nitaitengeneza. Nitashuka. Nitamleta kabla ya Jumamosi. Sijui kuogelea, ila nimesoma kitabuni kwamba mwenye uzito kiunoni haogelei. Anashuka tu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimempigia Salomon. Nilisema allô, nikaogopa, nikakata. Nikafanya mazoezi chooni. Nikapiga tena. Aliuliza mimi mutoto wa nani. Nilimwambia mimi ni dada ya Siméon. Kisha akasema sonde ya kupima oksijeni itabidi itoke Kampala, nivumilie. Na pete za mpira za kuzuia maji? Akasema nikate chambre à air yoyote, ule mpira wa ndani ya tairi la pikipiki.

Nimekata. Ilikuwa uani, imetundikwa ukutani. Nilidhani ni ya zamani.

Jumanne, 29 Oktoba

Baba mdogo Lusenge ameenda shamba la kakao kwa miguu. Analaani wezi wa mtaa wote wa Beu. Nimesukuma mashine ndani zaidi chini ya kitanda.

Mchana nilienda hospitali. Kule chumba cha upasuaji, Madame Émérance huwalaza wagonjwa usingizi, na mashine yake hutumia chaux sodée, chembechembe zilezile zinazosafisha pumzi. Nilikusudia kumwomba. Nilisimama kwenye korido mpaka walinzi wakaniuliza kama nimefiwa. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, na hapo, kando ya pipa la taka, mfuko umefunguka! Chembechembe chache nyeupe, nyingi za zambarau. Nikachagua za zambarau, moja moja. Nzuri kama vazi la padri wakati wa Kwaresima. Nyeupe niliziacha. Zilionekana kama bado hazijaiva.

Jumatano, 30 Oktoba

Aristote amejua. Yeye ni mtoto wa kapiteni aliyehamishwa huku kutoka Kalemie, na ni wa kwanza darasani katika fizikia, nafasi iliyokuwa yangu kabla hajaja. Alisikia nikimuuliza mwalimu habari za shinikizo la maji mara nyingi mno. Akacheka. Akasema, "Falonne, weye hata mvua inakutishaka!" Kisha akaacha kucheka, akasema yeye anajua kuogelea, amekulia kando ya ziwa Tanganyika, afadhali ashuke yeye.

Kamwe! Kaka ni wangu. Nimemruhusu ashike kamba.

Alhamisi, 31 Oktoba

Balaa. Tulijaribu kwenye fût, pipa la maji ya mvua nyuma ya jikoni. Sonde haijafika, lakini hilo lilikuwa jaribio tu. Nikaingia, nikauma mpira, nikazamisha kichwa. Pumzi ya kwanza tamu! Nikaona niko na yaya kule chini. Ya pili, maji yakapita kwenye pete ya mpira wa Baba mdogo, yakachanganyika na zile chembechembe, yakaja mdomoni kama moto. Aristote akavuta kamba. Fût ikaanguka, nami ndani yake.

Mama akatoka mbio. Ulimi ulikuwa umevimba, sikuweza kueleza. Akaninusa kama nimekunywa pombe ya kasiksi. Ndipo Aristote, msaliti, akasema yote: "Mama, alipenda kwenda kutoa Siméon mu maji."

Mama hakunipiga. Ningependa anipige. Aliketi kwenye tope na nguo yake ya matanga.

Ijumaa, 1 Novemba

Madame Émérance amenisafisha kinywa. Amenieleza kwamba chembechembe nyeupe ndizo hai. Zikigeuka zambarau zimeshashiba pumzi, zimekufa. Akauliza kama kitabu changu hakina picha za rangi. Ni fotokopi. Kisha akaongea polepole juu ya mto, mvua za tangu mwezi wa tatu, na maji yanavyochukua. Akasema, "Mutoto wangu, kule hakuna tena wa kuleta." Ulimi wangu ulikuwa bado umevimba. Aliutumia vibaya, maana nisingeweza kubisha.

Jioni, kikao tena. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kupinga mgomba. Yalitoka mate tu. Baba mdogo Lusenge akaiona recycleur, akatambua chambre à air yake, akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Mama akainyakua mashine ili akaitupe katika shimo la taka. Akasimama mlangoni.

Kwenye mpira wa kuuma kuna alama za meno. Katikati hakuna alama, pale yaya alipokuwa na pengo. Mama aliweka kidole kwenye pengo lile. Hakukiondoa. Akasema, "Mutoto wangu ni huyu. Mutazika hii."

Baba mdogo akasema hii hapana mutu.

Mama akamuuliza, na mugomba ni mutu?

Jumamosi, 2 Novemba

Tumemzika. Mashine iliviringishwa katika shati lake la misa. Baba mdogo Lusenge aliibeba mwenyewe, pamoja na pete zake za mpira. Mama alilia kwa sauti. Tangu mwezi wa tatu hakuwa amelia. Mimi sikuona vizuri. Aristote alikuja na tai ya baba yake, akanipa kitambaa. Nilichukia. Sijamrudishia.

Jumatano, 6 Novemba

Mama alilala leo mpaka jua likatoka. Kisha akapeleka maua kaburini, akarudi akaomba chai, akaweka sukari.

Mchana dereva wa basi la Butembo ameniletea kifurushi. Sonde! Mpya, ndani ya plastiki yake! Pete nzuri Salomon ameziongeza bure. Chembechembe sasa najua, nyeupe. Nina kila kitu. Kinachokosekana ni mashine.

Nimempigia Salomon mara moja, bila mazoezi, kuuliza kama Dubai kuna nyingine. Alisema pole, akakata. Nadhani ni mtandao. Nitapiga tena kesho.

Aristote anasema kwanza anifundishe kuogelea. Nimemwambia hakuna haja. Nitakuwa nashuka tu.