Mkanda Chini ya Kitanda

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mukuyuni. Siku mbaya. Kinuthia wa ng'ambo ya barabara, yule mwenye mashine mpya ya kukoboa mahindi yawe muthokoi, amesamehewa ushuru mwaka mzima! Eti ameleta biashara mpya na kuandika vijana kazi. Mimi Munyao nimekobolea watu mahindi miaka yote hii, nani amenisamehe? Syokau, mke wangu, alisema nichape kazi tu. Mashine yetu ilinunuliwa kwa kuuza ng'ombe wake, ndiyo maana anaongea sana.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata akili. Kampuni kubwa zikianguka, serikali huziokoa. Kusamehewa ushuru, kuokolewa, si ni pesa ya serikali kubaki kwa mfuko wa mtu? Ila ili uokolewe lazima uanguke kwanza. Sawa. Nitaanguka! Nimetoa mkanda wa mashine nikauficha chini ya kitanda. Wateja nimewaambia mashine imekufa. Wakasema pole, wakavuka kwa Kinuthia.

Jumapili, 9 Machi
Pasta Gedion ameombea mashine. Nilisema amina kushinda wote. Syokau alilia. Nilijisikia vibaya, karibu nimwambie. Sikumwambia.

Jumatano, 12 Machi
Nimeenda kwa Kanyiva, ofisa wa biashara, kuomba kuokolewa kama Kinuthia. Akasema hayo ni mambo mawili. Kinuthia amesamehewa juu ya kazi anayoleta, na asipoileta atalipa. Kuokolewa ni kwa yule akizama anazamisha wengine. Akaniuliza mimi nikizama, nazama na nani. Nikasema wateja wangu. Akasema hakuna hata mmoja amekuja kulalamika. Msamaha wa ushuru angenipa leo leo, lakini mashine iliyolala haina ushuru wa kusamehewa.

Nilirudi nyumbani bila kusalimia mtu. Nikainama kuchukua mkanda. Panya wameutafuna! Ole wangu.

Ijumaa, 14 Machi
Syokau amepeleka mahindi yetu kwa Kinuthia. Amerudi na muthokoi mweupe kabisa, na habari: ameandikwa kazi huko, ya kupepeta. Mkanda ameuona. Haongei na mimi. Muthokoi nilikula. Ulikuwa mtamu, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Nimefikiria sana. Kosa langu ni moja tu: nilianguka nikiwa mdogo. Nikiwa na mashine tatu, siku nikianguka Mukuyuni yote italia! Syokau amebaki na ng'ombe mmoja. Kesho nitamwongelesha vizuri.