Galaksi ya Mashuke, Kabla ya Chirag

Jumatatu, 6 Oktoba
Grafu ya satelaiti imepanda. Galaksi ile ya kundinyota la Mashuke, tulivu tangu Machi, inaongeza miale ya gama. Dalili za mlipuko. Atakayeutangaza kwanza katika mtandao wa waangalizi, jina lake litabaki kwenye kumbukumbu. Miaka sita tangu nistaafu ualimu wa fizikia, langu halimo. La Chirag, mwangalizi mwenzangu mwenye duka la dawa mtaa wa Mirongo, limo mara tatu.

Jumanne, 7 Oktoba
Imepanda tena. Utaratibu unadai ukaguzi wa siku mbili. Chirag hatasubiri. Uamuzi: kumweka mbali na kompyuta yake. Udhaifu wake ninaujua: harusi ya bintiye, Pinal.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimekwenda dukani, nikauliza habari za harusi. Mazungumzo yamechukua saa tatu nzima. Nimeonyeshwa picha zote, hata za wapishi. Mwanga wa galaksi ile umesafiri miaka bilioni tano. Nilihitaji Chirag acheleweshwe alasiri moja. Alipogeuka kumhudumia mteja mwenye kikohozi, nikatuma tangazo kwa simu. Akaniongezea chai, akasema Mwalimu siku hizi umekuwa mtu wa watu. Nikaona haya. Kiasi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Teodora, katibu wa chama chetu cha wanaastronomia, alipiga simu. Akaniamkia shikamoo, kisha akauliza kama nilitazama Jua lilikuwa wapi. Lilikuwa likipita mbele ya galaksi hiyo, kama kila Oktoba, nalo hutoa miale ya gama yake lenyewe. Chirag, alisema, aliligundua hilo Jumatatu. Ndiyo maana alikuwa na nafasi ya kuzungumzia harusi.

Nimeliondoa tangazo. Nimekaa barazani kwangu, Kiseke, nikitafakari. Miaka thelathini nimewafundisha wanafunzi waondoe kwanza kilicho karibu ndipo watazame mbali. Somo zuri. Sikumbuki kulihudhuria.

Jumatatu, 20 Oktoba
Grafu imepanda! Jua limekwisha kusogea nyuzi kumi na mbili. Nimepima mara mbili. Teodora ameandika kuuliza Mwezi uko wapi leo. Anadai nao hutoa miale ya gama, tena kulishinda Jua. Nimesikitika. Kijana aliyesoma vile. Mwezi hauna hata mwanga wa kwake.

Tangazo nimelituma saa nne na dakika kumi. Kisha nikampigia Chirag, nikamwuliza maharusi wanaendeleaje. Alikuwa na nafasi tele ya kuzungumza.