Uzinduzi wa MJUMAKI Mbele ya Kundi la Lifti Bloku C

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nafasi ambayo kwa unyenyekevu mkubwa naikaimu mimi mwenyewe baada ya mgeni tuliyemwalika kutojibu barua zetu mbili. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kundi, ambaye pia ni mimi. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye bado hajateuliwa lakini kiti chake ni kile pale mbele na naomba asikikalie mtu. Ndugu Mratibu wa Ghorofa ya Kwanza, Ndugu Mratibu wa Ghorofa ya Pili, na kuendelea hivyo hivyo hadi ya sita. Wawakilishi wa wanakundi waliohama bloku lakini hawajahama kundi. Walimu, wauguzi, mafundi, madereva, akina mama na akina baba. Wageni waalikwa, pamoja na wageni ambao hawakualikwa bali wanasubiri lifti: itifaki imezingatiwa.

(Makofi machache. Mlango wa lifti unafunguka, mtu anachungulia, mlango unafungwa.)

Ndugu wanakundi, nasimama mbele yenu asubuhi hii ya Jumamosi, hapa kwenye korido ya kuingilia, juu ya stuli tuliyoazimwa kwa hisani ya fundi cherehani wa ghorofa ya pili, nikiwa na furaha isiyo kifani na kurasa kumi na moja za hotuba. (Miguno.) Nimesikia. Awali zilikuwa kumi na tisa.

Kundi letu la simu, kama sote tunavyofahamu, lilianzishwa miaka minne iliyopita kwa dhumuni mahususi la kufuatilia matengenezo ya lifti. Lifti ikatengenezwa wiki ya tatu. Kwa mujibu wa taratibu za utawala bora, kundi lilipaswa kuvunjwa wiki ya nne. Badala yake, wiki hiyo ya nne mwalimu wa hesabu aliuliza kama kuna mtu ana limau moja la ziada, wakajibu watu kumi na wanne, ambao kumi na watatu kati yao hawakuwa na limau bali walitaka tu kujua anaumwa nini, na tangu siku hiyo hakuna aliyetoka kwenye kundi. (Kicheko. Mwalimu wa hesabu: “Na yule wa kumi na nne alikuwa na limau bovu!”) Shukrani, mwalimu. Hoja yako imepokelewa na itafanyiwa kazi.

Baadaye ikazuka, bila kikao wala muhtasari, desturi ya vikombe. Kila mwanakundi akishapata chai yake ya asubuhi anapiga picha kikombe, anakituma kundini, na wenzake wanamjibu kikombe kwa kikombe, hadi saa nne simu ya mtu inakuwa kama kabati la vyombo. Mimi, mtaalamu wa masjala kwa miaka ishirini na tisa, mtu ambaye hajawahi kupoteza faili hata moja, nililitazama jambo hili kwa jicho la kitaaluma nikaona kasoro kubwa. Vikombe havikuwa na namba za kumbukumbu. Dereva wa lori alikuwa akituma kikombe kutoka safarini, mara kimekaa juu ya boneti, mara juu ya tairi la akiba, bila kutaja yuko wapi. Watu walisalimiwa “za asubuhi” saa nane mchana. Utani ulichanganywa na taarifa za kukatika maji kiasi kwamba siku moja nusu ya bloku walicheka wakati walitakiwa kujaza ndoo.

(Kicheko kirefu. Sauti ya mwanamke: “Nilikoga kwa maji ya chupa siku ile!”)

Ni katika muktadha huo basi, ndugu wanakundi, kwamba miezi minane iliyopita uongozi wenu sikivu ulifanya uamuzi mgumu lakini wa kishujaa wa kusitisha kwa muda uwezo wa wanakundi kuandika, akabaki anaandika admini peke yake, ili kupisha ujio wa mradi mkubwa, wa kisasa, wa kimkakati, shirikishi na endelevu, nao si mwingine bali ni Mfumo Jumuishi wa Mazungumzo ya Kirafiki, kwa kifupi MJUMAKI! (Kiti cha plastiki kinalia.) Nasema MJUMAKI! (Kiti kile kile.)

Nawaona wengine wanajiuliza, MJUMAKI ni nini? Swali zuri sana. MJUMAKI ni fremuweki. Na fremuweki, kwa lugha nyepesi ambayo hata mama yangu mzazi angeielewa, ni mfumo wa kuiwekea mifumo mfumo. Ndani ya fremuweki hiyo kuna dashibodi, na ndani ya dashibodi kuna moduli nne. Moduli ya kwanza ni ya salamu, ambapo mwanakundi anayetaka kusalimia atajaza fomu ya kielektroniki akieleza anamsalimia nani, kwa sababu gani, na kama salamu hiyo ina dharura. Moduli ya pili ni ya utani, ambao utapangwa kwa madaraja, na utani wa daraja la tatu hautavuka ghorofa ya mtaniaji. Moduli ya tatu ni ya vikombe. Moduli ya nne ni ya pole na hongera, zitakazotolewa kwa pamoja kila mwisho wa robo mwaka ili kuleta ufanisi.

(Dereva wa lori, kutoka nyuma: “Mzee Masjala, mtu akifiwa mwezi wa kwanza tumpe pole mwezi wa tatu?”)

Mheshimiwa dereva, ndiyo maana kuna kipengele cha pole ya awali.

(Dereva: “Mzee, sisi hatutaki moduli. Fungua kundi tuongee!” Makofi makubwa, ya kwanza tangu asubuhi.)

Nashukuru kwa makofi hayo, ambayo nayachukulia kuwa ni ya uongozi. Naomba sasa tuangalie takwimu, kwa sababu takwimu hazina maneno mengi. Katika miezi minane ya utekelezaji wa awali, kundi letu limepokea jumla ya ujumbe mia sita na kumi na moja, ambao asilimia mia moja umetoka kwa uongozi. Ugomvi: sifuri. Uvumi: sifuri. Stika za paka: sifuri, kutoka wastani wa arobaini kwa siku. Kila ujumbe nilioutuma umesomwa na watu wote mia moja thelathini na wawili, nimeona tiki za bluu kwa macho yangu, na hakuna hata mmoja aliyepinga.

(Sauti nyingi: “Tungepingia wapi?”)

Hakuna hata mmoja aliyepinga! Aidha, uongozi umefanikiwa kubaini vikundi haramu vitatu vilivyoibuka katika kipindi hicho, kimoja cha ghorofa za juu, kimoja cha ghorofa za chini, na kimoja cha waliohama, ambavyo vyote vinatumia picha ile ile ya lifti na vyote vinadai ndivyo kundi halisi. Mpasuko huu ni ushahidi tosha kwamba watu wetu wana kiu ya MJUMAKI.

Na nikigeukia sasa ukurasa wa saba, kuhusu mafanikio binafsi ya Mwenyekiti…

(Fundi cherehani anasimama. Ana futi ya kupimia shingoni.)

Ndio, dada yangu. Muda wa maswali ni baada ya ukurasa wa kumi, lakini stuli ni yako, uliza.

(Fundi: “Mimi sina swali la kisomi. Mwezi juzi niliteguka kiuno, nikalala kitandani siku nne. Mwanangu yuko mbali. Zamani nisipotuma kikombe, saa nne haijafika mtu keshagonga mlango kuuliza kulikoni. Safari hii nilishika simu, nikafungua kundi, pakaniambia siruhusiwi kuandika. Wa juu walidhani nimeingizwa kundi la chini, wa chini walidhani niko la juu. Siku nne, mzee. Nilikunywa maji ya kwenye pasi ya mvuke. Sasa naomba uniambie, huo mradi wako unafika lini? Maana mimi naishi peke yangu.”)

Dada… Suala la… Suala la kiuno lipo ukurasa wa… 

(Anageuza karatasi. Anageuza tena. Hakuna anayecheka.)

Halipo.

Sikujua. Naishi juu yako kabisa, dada, cherehani yako naisikia kila siku, na siku zile haikulia nikasema moyoni, leo amepumzika. Naona aibu kulisema hili juu ya stuli yako mwenyewe. Nimetuma ujumbe mia sita na kumi na moja na hakuna hata mmoja uliouliza hali ya mtu.

(Mwalimu wa hesabu, taratibu: “Basi jibu alichouliza. Mradi unafika lini?”)

Ndugu wanakundi, kwa kuwa muda si rafiki, naomba niruke hadi ukurasa wa mwisho, ambao ni wa kaulimbiu na shukrani. Nikisema “Mazungumzo”, mtajibu “Yapangwe!” Mazungumzo!

(“YAFUNGULIWE!”)

Mazungumzo!

(“YAFUNGULIWE!” Hata waliokuwa wanasubiri lifti wameitikia.)

Ahsanteni. Sasa shukrani. Kwanza nawashukuru wataalamu washauri wa MJUMAKI, ambao niliwataja katika ujumbe wangu wa mwezi wa pili kuwa wanatoka nje ya nchi. Hawajawahi kuingia, na kusema kweli hawajawahi kutoka, kwa sababu hawapo. Naishukuru kamati ya ufundi iliyokutana mara kumi na mbili, mara zote jikoni kwangu, mara zote mimi na birika. Naishukuru dashibodi. Dashibodi niliichora kwa rula na kalamu ya wino mwekundu, nikaipiga picha, ndiyo ile mliyoiona. Naishukuru fomu ya salamu, ambayo ni fomu ya kuomba likizo ya pale ofisini, nimefuta tu kichwa chake.

(Minong’ono inapanda. Mtu: “Anasema nini huyu?”)

Na shukrani za pekee ziende kwa kidole changu gumba cha mkono wa kulia, ambacho miezi minane iliyopita, asubuhi moja nikiwa nataka kukuza picha ya kikombe cha dereva nione kama ile ni chai au ni kahawa, kiligusa mahali fulani kwenye simu, pakatokea maneno, nikasema ndiyo, pakatokea mengine, nikasema ndiyo tena, na kundi zima likanyamaza. Nilitafuta pa kugusa ili lirudi. Niligusa kila mahali. Nikabadilisha lugha ya simu ikawa siisomi, ikanichukua siku tatu kuirudisha. Ningemuuliza nani? Mtu wa masjala, miaka ishirini na tisa, faili halijapotea, nishuke ngazi nikaseme nimefunga mlango na kitasa sijui kilipo? Ningemuuliza binti yangu, lakini binti yangu yuko mbali na naye yumo humu kundini. Angecheka, na mngejua. Basi nikaandika kwamba kuna maboresho. Mkaniuliza mlangoni, maboresho gani? Nikasema ya mfumo. Mkauliza mfumo gani? Nikaupa jina. Jina likataka moduli, moduli zikataka takwimu, na leo mmeniona nimepanda juu ya stuli kuzindua kitu ambacho hakijawahi kuwepo hata siku moja.

(Dereva wa lori anaanza kucheka, anashika ukuta. Mwalimu wa hesabu anafuatia. Fundi hacheki, anamtazama mzee usoni.)

Chekeni, ni haki yenu. Lakini niseme na hili, ingawa halimo kwenye karatasi. Mlidhani mimi nilikuwa naongea peke yangu kwa raha. Kila asubuhi nilituma kikombe changu, chenye namba ya kumbukumbu, na hakikuja kikombe kingine. Mlisoma wote, sikupata jibu la mtu. Na mimi pia naishi peke yangu. Nimewanyima kusema, na nikajinyima kusikia, kwa sababu ya kuona haya tu. Dada fundi, nisamehe. Nawaombeni radhi wote. Na kama kuna mwenye ujuzi wa vitu hivi, naomba apite mbele. Simu ni hii. Namba ya siri ni moja, mbili, tatu, nne.

(Dereva wa lori anapenya katikati ya viti, anajifuta machozi ya kicheko, anachukua simu. Anagusa mara tatu. “Tayari, mzee.”)

Tayari nini?

(“Limefunguka.”)

Hapo tu? Miezi minane, ni hapo tu?

(Simu inalia mfukoni mwa mtu. Inalia nyingine. Korido nzima inalia. Watu wameinamisha vichwa, wanaandika, wanacheka na mtu aliye kiti cha pili bila kumtazama. Waliohama wanauliza kuna nini. Mwalimu ametuma paka. Lifti inafunguka, hakuna anayeingia.)

Ndugu wanakundi, nilikuwa nimebakiza kufunga mkutano kwa mujibu wa taratibu, na kuna mapendekezo saba ya… Samahani. Hii yangu nayo imeita. Subirini nivae miwani.

Imetoka kwa fundi. Dada, si uko hapa hapa mbele yangu? Haya. Ameandika: “Mzee, na wewe hali yako ilikuwaje miezi yote hiyo?”

Ndugu wanakundi, mkutano huu mtaufunga wenyewe. Nimeulizwa hali, na nina mengi ya kujibu.