Bahari Sebuleni Mugumu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimepata bahari! Mzungu mwenye kambi ya watalii kule Robanda anafunga na kurudi kwao. Kwa kuwa nilimtibia mbwa wake, amenipa tangi lake la kioo: maji ya chumvi, pampu, taa ya buluu, na matumbawe hai. Gari la kambi limelileta hadi sebuleni kwangu.

Alinipa masharti mengi. Maji yakipungua niongeze yasiyo na chumvi, maana chumvi haiendi popote. Joto lisipande, lisishuke. Maji yasitulie. Nisitie kitu nisichokijua. Niliitikia kwa kichwa kila neno. Nikamwambia mimi Tamimu ni mtu wa Tanga. Sikumwambia kwamba matumbawe hai nayaona leo kwa mara ya kwanza.

Mpango ni huu. Tangu nihamishiwe hapa Mugumu kuwa afisa mifugo, hakuna anayekuja kwangu ila awe na ng'ombe mgonjwa. Jioni wote wako kwa mwalimu Osward, ng'ambo ya barabara, wakitazama mpira kwenye runinga kubwa kama mlango. Sasa tutaona!

Jumatano, 6 Agosti

Wageni: hakuna. Yaani Bhoke tu, jirani yangu, mjane. Alileta uji wa ulezi. Akauliza hivi vitu vinakula nini. Nikasema zaidi vinaishi kwa mwanga. Akasema kumbe mimea. Nikasema hapana, wanyama. Akavuta kigoda, akakaa akiangalia vinavyofungua vidole vyao na kuvifumba, mpaka giza likaingia.

Mimi nilikuwa dirishani nikiangalia wanaoingia kwa Osward. Wengi mno.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda kwa Osward mwenyewe kualika watu. Nikasimama mbele ya runinga ili wanisikie. Kosa. Osward akauliza kama hayo matumbawe yanafunga magoli. Wakacheka sana. Nami nikacheka, nikaendelea kucheka wenzangu walipokwisha nyamaza.

Ijumaa, 8 Agosti

Rangi haitoshi! Kwa rangi hii hakuna atakayeacha mpira. Lakini mnyama ni mnyama, na mimi wanyama ndiyo kazi yangu. Nimesaga jiwe la madini, lile wanalolamba ng'ombe, nikatia konzi moja. Kisha nyingine, kwa upendo. Bhoke akasema si yule Mzungu alikataza? Nikamuuliza kati yetu nani ana cheti. Akaosha kikombe chake, akaondoka.

Jumamosi, 9 Agosti

Umeme umekatika katikati ya mechi! Alhamdulillah! Wamekuja! Sebule ilijaa watu na tochi za simu. Osward alikalia kiti changu.

Matumbawe yalikuwa meupe kabisa. Yote. Wakasema mazuri ajabu, kama maua ya harusi. Mama mmoja akauliza nimeyasafisha kwa sabuni gani. Mimi peke yangu nilijua weupe ule ni ugonjwa, kwamba yametupa nje kile kinachoyapa rangi na chakula. Nikatabasamu. Nikasema ni sabuni ya Tanga.

Pampu ilikuwa imezima. Bhoke alikuja na blanketi lake, akalizungushia tangi nyuma na pembeni lisipoe, kisha akawa anachota maji kwa jagi na kuyamimina tena humohumo, anachota na kumimina, ili yasitulie. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilimwomba asogee kidogo, anawaziba wageni.

Nilikuwa naandaa chai umeme uliporudi. Kelele ng'ambo ya barabara: goli! Kabla sijapata vijiko sebule ilikuwa tupu. Osward alirudi. Alikuwa amesahau koti.

Bhoke bado alikuwa na jagi mkononi. Akasema, "Daktari, nikae kidogo?"

Nikasema hapana, nataka kuwa peke yangu. Haikuwa kweli. Sijui kwa nini nilisema.

Chai nimeimwaga.

Jumanne, 12 Agosti

Yamekufa. Harufu mbaya nyumba nzima. Maji yale ya chumvi yangeua mahindi, kwa hiyo tuliyabeba kwa ndoo mpaka kwenye shimo la taka, mimi na Bhoke. Nilijifuta uso, nikasema ni vumbi.

Akasema, "Pole, daktari. Nilikuwa nimeshazoea kuja kuyaangalia. Sasa nitakuja kuangalia nini?"

Nikamwambia asijali, hana haja tena ya kujisumbua.

Akachukua blanketi lake na kwenda.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimegundua kosa! Matumbawe ni mabubu, na watu wanataka sauti. Kuna mtu kule Machochwe anagawa kasuku anayesalimia kwa lugha tatu. Tatu! Osward atalia. Namfuata kesho.

Jioni Bhoke alibisha hodi, ameshika sufuria ya uji. Nikamwambia kupitia dirisha aje siku nyingine. Nafagia. Natarajia wageni.