Hotuba ya Kupandisha Boriti ya Shule ya Mabinti ya Tarumizawa

(Ilitolewa na Mheshimiwa Nukariya Jinpachi, Mkuu wa Wilaya, mwezi wa tano, mwaka wa thelathini na tano wa enzi ya Mfalme Meiji wa Japani, akiwa amesimama juu ya ngazi ya wazima moto.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma kofia yake. Mheshimiwa Mkuu wa Polisi. Mheshimiwa Kaimu Msaidizi wa Mkuu wa Posta. Mtukufu mtawa wa hekalu la juu na Mtukufu kuhani wa hekalu la chini, ambao leo mmekubali kukaa mkeka mmoja. Wazee wa vijiji kumi na vitatu. Akina mama wafugaji wa viwavi wa hariri. Wazima moto kumi na wawili mlioshika ngazi hii, na nawaomba muishike vizuri. Mwalimu Kagiwada Tsuruyo pamoja na mabinti zako kumi na tisa. Na nyinyi wengine wote mliofuata mochi, vile vikeki vya mchele vya kutafuna: nawasalimu kwa niaba ya Serikali, ya ofisi yangu, na yangu mwenyewe! (Makofi. Sauti ya mzee: "Zirushe basi, meno yenyewe yamebaki matatu!")

Subira, mzee wangu. Desturi yetu inajulikana: boriti ya paa ikishapanda, mwenye nyumba hupanda juu akawarushia watu mochi za mchele, nyeupe na nyekundu, ili miungu ifurahi na jengo lidumu. Sasa, kwa kuwa boriti ipo katika hatua ya mchakato wa awali wa kutafakariwa, Kamati Ndogo ya Kamati Kuu imeona si vyema desturi tukufu icheleweshwe na jambo dogo kama jengo, ndiyo maana leo mnaniona juu ya ngazi isiyoegemea popote, nimevaa viatu vyangu vya ngozi vya Kizungu, vinavyoteleza kidogo, na nimeanza siku kwa sala ndefu kuliko kawaida. (Kicheko.)

Nawaambieni kitu kama ndugu zangu. Mimi sikusoma sana. Nilijifunza herufi hekaluni nikiwa nimebeba mdogo wangu mgongoni, na dada yangu mkubwa, aliyekuwa na akili kunizidi, alikuwa akifagia ua huku akinisahihisha kupitia dirisha. Basi, tuyaache hayo, hayamo kwenye karatasi yangu.

Karatasi yangu inasema takwimu! Miaka miwili iliyopita, Mwalimu Tsuruyo aliporudi kutoka ng'ambo alikosoma miaka sita, wilaya hii ilikuwa na wanafunzi wa kike wawili, mmoja wao akiwa amekuja kukwepa kuchuma majani ya mforosadi ya kulisha viwavi. Leo ni kumi na tisa. Ongezeko hilo, kwa mujibu wa karani wangu, ni la asilimia nyingi, na limetokea lote chini ya uongozi wangu! Mwalimu aliniandikia barua saba kuomba jengo. Sikujibu hata moja. Je, huo si mkakati? Nisingemkawiza, angeujulia wapi uvumilivu? (Sauti ya mwanamke: "Na wewe utaujua leo, Mheshimiwa!")

Najua wapo wanaouliza binti asome ili iweje. Sera yetu iko wazi: tunataka wake wema na mama wenye busara. Binti aliyesoma atapika wali kwa sistimu, atakunja kimono kwa jiometri, na mumewe akirudi amelewa, ataandika ripoti. (Kicheko kikubwa. Mwanamume: "Wangu ameshaanza kuandika!" Mkewe: "Na kurasa zimeisha!")

Ndiyo, Mwalimu, naona umenyoosha mkono. (Mwalimu Tsuruyo: "Mheshimiwa, tunasomea kwenye chumba cha viwavi cha mjane Shige. Mayai yanaanguliwa baada ya siku kumi, na sisi lazima tutoke. Wasichana wataingia wapi?")

Swali zuri sana, na litaundiwa kamati. (Mjane Shige: "Mheshimiwa, nawapenda watoto, lakini viwavi ndio chakula changu cha mwaka mzima. Hawawezi kusubiri kamati.") Nimekusikia, mama. Nasema shule hii itakuwa na madarasa manane, madirisha ya kioo, kengele kutoka Yokohama, na chumba maalumu cha picha yangu! Pokeeni mochi! (Anarusha. Vurugu. Mtawa na kuhani wanagombania moja nyekundu.)

Sasa kaulimbiu, tuitikie pamoja. Elimu ya mabinti! (Umati: "Wapi?") Hapana, mnaitikia "Idumu". Tena. Elimu ya mabinti! (Umati: "Wapi?") Haya, tumefika kwenye shukrani.

Naishukuru Wizara, ambayo haijapata habari hizi. Nawashukuru mafundi seremala, ambao hawakuja kwa sababu hawakuitwa. Nakishukuru kiwanja hiki, ambacho, nimeambiwa sasa hivi, ni shamba la shayiri la Kumazo, kiongozi wa wazima moto, ambaye hakuombwa. Na namshukuru mchoraji wa ramani ya shule, ambaye siku atakapopatikana atakuwa mtu hodari, kwani mradi huu, ndugu zangu, haujawahi kuwepo hata kwenye karatasi. Nilisikia Gavana anakuja, nikatafuta cha kufungua. Asanteni sana. Nishusheni.

(Ngazi haishuki.)

Kumazo, nimesema nishusheni. (Kumazo: "Mheshimiwa, mmesimama kwenye shayiri yangu, hilo nimesamehe. Ila kati yetu kumi na wawili, kumi na mmoja tuna mabinti kwa Mwalimu. Mikono imeanza kuchoka.") Kumazo ndugu yangu, usicheze na serikali! (Ngazi inayumba.) Ewe Budha mwenye huruma! Shikeni! Shikeni!

Elimu ya mabinti! (Umati: "Wapi?")

Ofisini kwangu! Ule ukumbi wa mikutano! Una mikeka ishirini, na tangu nianze kazi umetumika mara mbili, zote nikiwa nimelala! Wachukue, karani aandike, mtawa na kuhani wawe mashahidi! (Kelele za furaha. Mwalimu Tsuruyo: "Mpaka lini, Mheshimiwa?") Mpaka hilo jengo la madarasa manane likamilike! (Mwalimu: "Yaani milele.") Yaani milele, Mwalimu, mimi naongea na wewe kutoka angani, nikudanganye?

(Ngazi inashushwa polepole. Mkuu wa Wilaya anagusa ardhi, anajifuta jasho kwa kofia ya Mwakilishi wa Gavana.)

Jambo la mwisho, Mwalimu, hili si la hotuba. Dada yangu bado yu hai. Ana miaka hamsini na sita. Mnapokea wa umri huo?

(Mwalimu Tsuruyo: "Kesho saa moja asubuhi, aje na brashi na wino. Na wewe, Mheshimiwa, ukipita kwenda mezani kwako, viatu hivyo uviache mlangoni. Tutakuwa tunasoma.")