Kigae Kitupu Shingoni mwa Gitaa

Jumatatu, 13 Novemba
Balaa! Nilikuwa nabadilisha nyuzi za gitaa. Kile kidaraja cheupe cha shingoni, chenye mifereji ya kupitishia nyuzi, nikaona kimekaa upande. Nikakigonga kidogo kwa nyundo. Kikapasuka vipande viwili. Plastiki tupu! Na Jumapili tunamshukuru Mungu kwa miaka themanini ya Mama mkwe, nami nimeahidi mbele ya kanisa zima kumpigia wimbo wake. Duka la ala hapa mtaani ni moja tu, la mwanyumba wangu Bing-tek, aliyemwoa dada ya mke wangu. Siendi! Nikienda leo, kufikia jioni mji mzima wa Tainan utajua. Tena ameshatangaza kwamba gitaa langu likigoma, yeye yupo na saksafoni yake.

Jumanne, 14 Novemba
Nimeomba, nimejibiwa. Mke wangu, Siok-hun, alinituma nimpelekee Mama uji wa samaki. Vigae vyake vya mahjong, ule mchezo wa kuokota vigae hadi seti itimie, vilikuwa mezani. Vya zamani, mgongo wa mwanzi, uso wa mfupa. Mfupa! Ndio wapiga gitaa wanaousifia. (Mama hucheza kila Jumatano na wenzake watatu wa kwaya. Si kwa pesa, kwa mbegu za tikiti. Mchungaji hujifanya haoni.) Sikuwa na tamaa. Sikugusa chenye ua, wala ndege, wala namba. Nilichukua kitupu, kisichochorwa kitu. Vipo vinne. Nani atalilia kigae kisicho na kitu?

Jumatano, 15 Novemba
Analilia! Siok-hun karudi na habari. Leo Mama alishika vigae vizuri ambavyo hajapata kuvishika maishani. Kilibaki kimoja tu ashinde: kitupu. Akangoja kama wanawali na taa zao. Vigae vikaisha mezani, wakahesabu, kimoja hakipo! Wamepekua chini ya makochi, ndani ya birika, hata mkoba wa mama mzee wa kanisa. Mama ameapa kwamba aliyekichukua hataonja tambi za sikukuu yake. Anamshuku Bing-tek, maana aliingia kuazima mwavuli. Nilisikitika sana. Kisha nikaenda chooni nikacheka. Bwana anisamehe.

Alhamisi, 16 Novemba
Nimejifungia bafuni na msumeno. Umekata mfupa, umekata na kidole. Siok-hun akauliza mlangoni harufu gani hiyo, kama kwa daktari wa meno. Nikamwambia jino linaniuma. Basi kutwa nzima nimekula uji mweupe, wenzangu wanakula chaza wa kukaanga. Lakini kidaraja kimekaa! Nikachonga mifereji kwa furaha. Nikazidisha. Nyuzi zimelala chini mno, zinavuma kama nyuki ndani ya kopo.

Ijumaa, 17 Novemba
Nimekwenda dukani kwa Bing-tek, kwa ujanja, nikauliza kana kwamba ni gitaa la rafiki. Akanikazia macho. “Mwambie huyo rafiki yako, mwanyumba, ajaze mifereji unga wa mfupa na gundi kali, ikikauka achonge upya pole pole. Halafu mwambie nyundo ni ya misumari.” Kajuaje habari za nyundo? Mtu mwenye kiburi yule! Nimefanya alivyosema. Sauti imetoka kama kengele!

Jumapili, 19 Novemba
Haleluya! Nimepiga, Mama kalia, kwaya nzima imelia, hata Bing-tek kapiga makofi, ingawa kwa mkono mzito. Kisha Mama akaja kulibariki gitaa. Hapo ndipo nilipokumbuka. Mama hasomi vigae kwa macho. Anavisoma kwa kidole gumba! Kidole kikapita shingoni mwa gitaa. Kikasimama. Kikarudi. Mimi jasho, midomo ikitaja zaburi zote nizijuazo. Mama akapaza sauti madhabahuni: “Kitupu! Nimeshinda!” Akawageukia wenzake. Anakingoja tangu Jumatano, sasa kimefika, walete mbegu zao! Wakabisha, ati kigae cha kwenye gitaa hakihesabiki. Mchungaji akaulizwa. Akasema haoni andiko linalokataza. Wamelipa! Wakati wa tambi na miguu ya nguruwe, Mama akaninong'oneza: “Wewe mkwe wangu ni mwizi, ila unapiga vizuri. Kidaraja kiache hapo hapo. Lakini Jumatano nataka vitupu vyangu vinne mezani.” Na nimekula bakuli tatu!

Jumatatu, 20 Novemba
Nipate wapi mfupa mwingine mkavu, mweupe, wa zamani? Nimewaza kutwa. Ndipo Roho akanikumbusha kile kinanda cha kukanyaga pale kanisani. Vibonyezo vyake vimebandikwa mfupa! Vitatu vya mwisho kushoto hulia kama ng'ombe mgonjwa, mama mchungaji anayekipiga havigusi kamwe. Nikivibandua, nikavigandisha pamoja, unene ni ule ule wa uso wa kigae, na mgongo wake wa mwanzi ninao bado. Tena kesho ni zamu yangu ya kufagia kanisa, peke yangu. Mungu ni mwema!